Gasketi ya hedi haiungui yenyewe: somo kutoka kwa pikapu za dizeli za Marekani

Leo tuache siasa kidogo tuingie gereji.

Si mnazijua zile video za pikapu za Kimarekani, Ford na Dodge za dizeli, zinavuta trela zito huku moshi mweusi unapanda angani kama treni ya makaa ya mawe? Vijana wanaganda kwenye skrini mpaka muda wa kafe unawaishia. Raha kuangalia, siyo siri. Ila kinachofuata wanakikata: gari liko pembeni, boneti juu, maji yamemwagika chini, na fundi anasema neno moja tu. Gasketi.

Swali linalonifikia mara kwa mara ni hili: kwa nini injini kubwa ya namna ile, chuma kitupu, iangushwe na kipande chembamba kama kile? Na kwa nini mtu akishabadilisha, baada ya miezi miwili mitatu inaungua tena? Jibu fupi ni kwamba gasketi si mgonjwa. Yenyewe ni sehemu inayolia kwanza. Ukimpa dawa anayelia ukamwacha anayempiga, mtaonana tena gereji.

Twende polepole. Kwa wale ambao hawajawahi kuona injini iliyofunguliwa: chini kuna bloku, ndo lenye silinda na pistoni. Juu kuna silinda hedi yenye valvu. Katikati ndo inakaa gasketi, unene wake milimita moja na ushee. Kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu visivyopatana hata kidogo: moto wa silinda, oili inayopita kwa presha, na maji ya kupoza. Vyote vitatu vinapita jirani kabisa, vingine vimeachana kwa milimita chache tu.

Sasa piga hesabu na mimi. Chukua silinda yenye kipenyo cha milimita 95. Eneo lake ni kama sentimita za mraba 71. Kwenye dizeli yenye turbo, mafuta yakilipuka presha ndani inaweza kufika bar 150. Maana yake kila mlipuko unaisukuma hedi kwenda juu kwa nguvu ya karibu tani 11. Ni kama Fuso iliyopakia. Na kwenye mzunguko wa 2,000 kwa dakika, silinda hiyo moja inafanya hivyo mara 1,000 kila dakika. Ongeza mafuta na turbo mpaka presha ifike bar 200, umeshavuka tani 14.

Nani anazuia hedi isiruke? Si gasketi. Ni bolti. Bolti zinakazwa mpaka zinavutika kidogo kama mpira mgumu sana, na ule mvuto ndo unaobana hedi kwenye bloku. Gasketi yenyewe inajaza tu vile vijinafasi vidogo vilivyobaki. Siku nguvu ya kubana ikizidiwa na nguvu ya kusukuma, hedi inainuka. Usifikirie inainuka ukaona kwa macho, ni unene wa unywele au chini ya hapo, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Inatosha. Moto unapita, unakula ukingo wa gasketi, na safari ya kuelekea kwa fundi imeanza.

Mfano ambao kila fundi wa dizeli Marekani anaujua ni Ford Power Stroke ya lita 6.0. Injini hii ilitengenezwa na Navistar, kampuni ya malori ya International, na Ford wakaifunga kwenye pikapu zao za Super Duty kuanzia modeli ya 2003 mpaka 2007. Kwenye magari ya E-Series, ambayo mengi yalifanywa magari ya wagonjwa, iliendelea mpaka 2010. Silinda nane, valvu 32, turbo yenye vibawa vinavyojirekebisha, nguvu farasi 325. Kwenye karatasi ilikuwa mashine. Barabarani ikawa balaa. Madai ya waranti yalikuwa mengi mpaka Ford na Navistar wakapelekana mahakamani Januari 2007, kugombania nani alipe. Waliyamaliza Januari 2009. Katikati hapo kuna watu waliouza magari kwa hasara na wengine waliofungua hedi mara tatu.

Jamaa waliokaa chini wakaichunguza hiyo injini waligundua kwamba gasketi inakufa kwa njia mbili. Hizi ndo nataka tuzielewe, maana ziko kwenye kila dizeli ya turbo duniani, hata ile iliyopo nje ya hiyo kafe uliyokaa.

NJIA YA KWANZA: PRESHA

Hedi ya hiyo 6.0 ina bolti kumi, yaani kila silinda imezungukwa na bolti nne, na baadhi zinatumiwa pamoja na silinda ya jirani. Bolti ni za milimita 14, za aina ya kuvutwa mpaka mwisho wa uwezo wake, ukizifungua mara moja hutakiwi kuzirudisha. Kwa nguvu ya kiwandani zilikuwa zinamudu, ingawa bila akiba kubwa. Injini iliyofuata, ya lita 6.4, ilikuja na bolti za milimita 16. Hilo peke yake linakuambia kitu.

Akaja kijana na chipu. Anachomeka kompyuta ndogo, injini inapewa mafuta mengi zaidi na turbo inasukuma zaidi. Hapa watu wengi wanachanganya mambo. Wanaangalia geji ya turbo, wanaona psi 30 au 35, wanasema ndo imeinua hedi. Hapana bwana. Psi 30 ni kama upepo wa tairi la saluni, haiwezi kuinua chochote. Kinachoinua ni presha ya mlipuko, na hiyo inapanda zaidi ya yote pale programu ya chipu inapowahisha sindano ya mafuta. Mafuta yakipigwa mapema, moto unawaka wakati pistoni bado inapanda, hewa inabanwa huku inalipuka. Nguvu inapatikana kweli, gari linaruka, lakini bili yote wanatumiwa bolti.

Kwa hiyo kama kuna kitu kimoja cha kumuuliza mtu anayetaka kukuuzia chipu, usiulize inaongeza farasi wangapi. Muulize kama ina programu ya kuvutia mzigo na kama programu hiyo haiwahishi sindano. Akikutolea macho, achana naye. Chipu nzuri zina hatua kadhaa, na ile kali kabisa ni ya gari tupu, siyo ya gari lenye trela la tani nne linapanda mlima saa saba mchana.

Kuna na ajali nyingine ya presha ambayo haihitaji chipu. Vile vibawa vya turbo vikishika kutu na masizi vinakwama vikiwa vimefunga, turbo inapuliza kupita kiasi. Gari linalotembea taratibu mjini kila siku bila kupigwa mzigo hupata sana tatizo hili. Ndo maana wazee wa gereji za kule wanasema dizeli ya turbo isidekezwe. Ikishapata joto ipewe kazi.

NJIA YA PILI: JOTO

Hii ndo iliyoua nyingi zaidi, na inaanzia mahali ambapo hakuna mtu anapaangalia.

Kwenye 6.0 kuna kipoza oili kimekaa ndani kabisa ya lile bonde katikati ya silinda. Maji ya rejeta yanapita kwenye vinjia vyembamba sana kupoza oili, halafu kutoka hapo yanakwenda kwenye kipoza EGR, kile kinachopoza moshi wa ekzosi unaorudishwa kuchomwa tena. Sasa vile vinjia vikiziba, kwa mchanga wa kiwandani uliobaki kwenye bloku au kwa uchafu unaojijenga kutoka kwenye kulanti iliyochakaa, mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Oili haipoi, na kipoza EGR hakipati maji ya kutosha. Moshi wa ekzosi ni wa moto mno, maji machache yaliyofika pale yanachemka na kuwa mvuke, chuma kinapasuka. Maji yanaingia kwenye njia ya hewa, yanaingia silinda. Maji hayabanwi kama hewa. Presha inaruka, hedi inainuka, gasketi kwisha.

Umeona mnyororo huo? Kipoza oili kimeziba, kipoza EGR kimepasuka, gasketi imekufa. Fundi wa haraka anabadilisha gasketi, anaosha mikono, anachukua hela. Kipoza kilichoziba bado kimo ndani. Miezi miwili.

Waliokomeshwa na hiyo injini walijifunza kipimo kimoja rahisi ambacho nakipenda sana. Unafunga geji mbili, moja ya joto la oili na moja ya joto la maji. Ukiwa kwenye barabara iliyonyooka, injini imeshapata joto, mwendo wa kawaida, unaangalia tofauti. Ikiwa ndani ya nyuzi 8 za sentigredi, upo salama. Ikianza kuzidi hapo na kupanda wiki hadi wiki, kipoza oili kinaziba, na una muda wa kukibadilisha kabla hakijaanzisha hilo balaa. Gharama ya kipoza ni sehemu ndogo tu ya gharama ya kufungua hedi zote mbili.

Geji ya tatu ni ya joto la ekzosi, inafungwa kabla ya turbo. Kwa mlima mrefu wengi wanaachia mguu ikikaribia nyuzi 680 au 700. Ile mishale ya kwenye dashibodi iliyokuja na gari usiitegemee sana. Mingi imetengenezwa ikae katikati kwa muda mrefu ili dereva asiogope, na ikija kusogea ujue mambo yameshaharibika.

Wengine kule waliamua kung'oa EGR yote. Inapunguza kisababishi kimoja kweli, ila sheria ya hewa safi ya Marekani inakataza kuchezea vifaa hivyo kwenye gari la barabarani, na kuna wenye maduka waliopigwa faini nzito. Na tena kipoza oili kilichoziba hakizibuki kwa sababu umeng'oa EGR.

KAMA HEDI IMESHAFUNGULIWA

Hapa ndo pesa inapookolewa au inapotupwa. Watu wa mashindano wanaondoa bolti za kiwandani na kufunga stadi, zile za ARP ndo maarufu zaidi. Faida yake si chuma kigumu peke yake. Bolti unapoikaza inavutwa na kupindwa kwa wakati mmoja. Stadi inakaa imetulia kwenye bloku, unakaza nati juu, inavutwa tu. Kwa 6.0 zinakazwa kwa hatua mpaka futi-pauni 210, ambazo ni kama Nm 285.

Lakini sikia. Kati ya nguvu yote unayoweka kwenye spana, takriban asilimia 10 tu ndo inakuwa ya kubana hedi. Nyingine yote inaliwa na msuguano wa nyuzi na uso wa nati. Nyuzi zikiwa na kutu au mchanga, spana ya toki itakuambia umefika na kumbe hedi imebanwa nusu. Safisha nyuzi, tumia grisi ileile aliyoisema mtengenezaji wa stadi, na hakikisha hakuna maji wala oili iliyotuama chini ya tundu la bolti. Kimiminika hakibanwi, ukikaza juu yake unaweza kupasua bloku kwa mkono wako mwenyewe. Fundi anayekaza hedi ya dizeli kwa kukadiria na bomba refu, hata awe ndugu yako, mpe soda umshukuru utafute mwingine.

Halafu uso wa hedi na bloku. Gasketi za kisasa ni karatasi kadhaa za chuma zilizopangwa, hazisamehi kama zile za zamani. Rula ya chuma iliyonyooka inalazwa juu ya hedi, unajaribu kupitisha fila geji. Vitabu vingi vya ufundi vinaruhusu mpindo wa milimita 0.05 mpaka 0.1 tu. Karatasi moja ya fotokopi ina unene wa kama 0.1. Maana yake ni kwamba kama karatasi inapita kwa raha, hedi iende mashine ikasawazishwe. Na ikienda huko ipimwe nyufa kwa presha kabla ya kusawazishwa, siyo baada. Yale mambo ya kusugua na msasa wa mkono kwenye meza ya mbao tuyaache.

DALILI AMBAZO FUNDI ANAZIKOSA

Kila mtu anajua oili kugeuka kama chai ya maziwa na moshi mweupe. Kwenye dizeli za turbo dalili hizo mara nyingi zinachelewa. Hedi inainuka pale tu kuna mzigo. Ukiwa gereji, injini inanguruma taratibu, presha ni ndogo, kila kitu kimebana vizuri. Fundi anasema gari zima. Unarudi barabarani, unapanda mlima, chupa ya kulanti inatapika.

Kwa hiyo jaribio lifanyike baada ya mzigo. Angalia kama kuna mabaki meupe yaliyokauka kuzunguka kizibo cha chupa. Asubuhi kabla hujawasha, minya hosi kubwa ya juu ya rejeta. Injini imelala usiku kucha, hosi inatakiwa iwe laini. Ikiwa ngumu kama tairi, kuna gesi ya mlipuko imejifungia humo. Na ile dawa ya bluu ya kupimia, inayogeuka kijani au njano ikikutana na gesi ya mwako kwenye maji, itumieni mara tu gari limetoka kupanda, siyo limeshapoa saa mbili.

NA SISI HUKU?

Power Stroke huku kwetu ni za kutafuta. Ila Hilux Surf na Prado za 1KZ-TE zimejaa, na hizo zina jambo lao la ziada. Bloku ni la chuma cha kuyeyushwa, hedi ni ya aluminiamu. Aluminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa hiyo kila injini ikichemsha, hedi inataka kutanuka na bolti pamoja na bloku vinaikatalia. Inapinda au inapasuka kati ya valvu. Ndo maana ukisikia 1KZ imechemsha mara moja tu, usinunue kwa kuambiwa "tumeshabadilisha gasketi". Uliza hedi ilipimwa wapi.

Wengine mnafunga turbo kwenye 1HZ, ile ya Land Cruiser isiyo na turbo. Inawezekana na watu wanafanya, ila kumbukeni injini ile imebuniwa bila turbo na mbano wake ni zaidi ya 22 kwa 1, wakati Power Stroke ya 6.0 iliyozaliwa na turbo ina 18. Nafasi ya kucheza ni ndogo. Turbo ndogo, mafuta kidogo, geji ya ekzosi ni lazima.

Halafu thamostati. Jamani. Hii tabia ya kuitoa na kuitupa ati injini ipoe zaidi imeshaua hedi nyingi. Kwenye Toyota nyingi thamostati ikifunguka inaziba pia ile njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji haipozwi kabisa. Kwenye tambarare injini inatembea na baridi, kwenye mlima inachemsha. Funga mpya.

Na kizibo cha rejeta, spea ya bei chee kuliko zote nilizotaja leo. Kile kikibana vizuri kwa bar 1.1, hata maji matupu hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Kikiwa kimechoka, maji yanachemka kama ya kwenye sufuria, nyuzi 100 hapo Dar, na ukishapanda Kitonga ukafika Iringa mjini, ambako ni mita zaidi ya 1,500 juu ya bahari, yanachemka kwenye 95 hivi. Yaani mlima umekumaliza pumzi na hapohapo maji yako yanachemka mapema. Weka kulanti nusu kwa nusu na maji safi, yasiyo ya kisima chenye chumvi, na mpira wa kizibo ukiona umepasuka usisubiri mwisho wa mwezi.

Wadau wenye 1KZ na 1HZ zenye turbo, tupieni hapo chini joto lenu la ekzosi mkiwa mnapanda Kitonga au Sekenke na mzigo, na semeni geji imefungwa kabla au baada ya turbo, maana bila hilo namba hazilingani.